Nani Amempa Mamlaka? Habari za Serikali na Ushirika Katika Nchi ya Kongwa

Katika kijitabu hiki wenzangu wameandika habari za maghala, bei na mavuno ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu. Mimi nimeombwa kuandika habari za serikali na demokrasia, na huenda mkulima wa Mlali akauliza mambo hayo yana uhusiano gani na alizeti yake. Yana uhusiano mkubwa. Serikali, kwa maana iliyo nyepesi, ni utaratibu ambao kwa huo wachache huamua mambo ya wengi. Demokrasia ni utaratibu ambao hao wachache hupewa ruhusa na wale wengi, kwa muda maalumu, tena kwa sharti la kutoa hesabu. Chama cha ushirika nacho ni serikali ndogo: mkutano mkuu huamua, bodi husimamia, meneja hutenda. Maneno haya hayakuzaliwa katika vitabu tu. Yamepita hapa petu, na baadhi yake yamepita kwa gharama kubwa.

Zamani, kabla ya wageni, nchi ya Wagogo iligawanyika katika nchi ndogo ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake. Mtemi alikuwa na mawe ya mvua na dawa za mbegu, na mamlaka yake yalikuwa ya ibada zaidi kuliko ya amri. Mtu asiyeridhika aliswaga ng'ombe wake akahamia kwa mtemi mwingine. Wajerumani walipokuja walitawala kwa maakida na majumbe. Kisha Waingereza, wakati wa Gavana Donald Cameron, wakatoa sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, nayo ikamfanya mtemi kuwa mtoza kodi na hakimu. Kwa macho ya mbali mtemi aliongezewa nguvu. Lakini yule aliyekuwa akitegemea ridhaa ya watu wake sasa alitegemea barua ya Bwana Shauri.

Matokeo ya serikali isiyouliza watu yalionekana wazi Kongwa. Mwaka 1946 Bwana John Wakefield na wenzake wawili walipita juu ya nchi hizi kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba ekari 3,210,000 za Afrika ya Mashariki na ya Kati zaweza kulimwa karanga ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Yakaletwa matrekta, hata mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu na vichaka vikayashinda. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Na mvua ikawa ile ile tunayoijua sisi, ya kuja leo na kukosa kesho. Januari 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilipata pauni milioni 36 hivi.

Mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kueleza tabia ya mvua ya Kongwa bila kudai hata senti. Lakini neno ninalotaka lishikwe ni hili: Waingereza waliolipa fedha hizo walikuwa na mahali pa kuuliza. Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, alisimamishwa Bungeni mjini London akaulizwa maswali makali, na magazeti yakamshambulia. Wenyeji wa Kongwa, ambao ardhi ilikuwa yao, hawakuwa na mahali pa kuuliza. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika hapakuwapo Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1945, walipoingia Machifu wawili, Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame, nao waliteuliwa na Gavana. Hawakuchaguliwa na mtu.

Wakati huo huo, penginepo, wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kujitawala katika jambo moja tu, yaani mazao yao. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya ushirika ikatolewa mwaka 1932, na mwaka uliofuata kikaandikishwa chama chao kikuu, KNCU. Huko Mwanza wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanapunjwa katika mizani, wakaweka wapimaji wao wenyewe; kutokana na shauri hilo la mizani vikaota vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vikuu vya pamba, ulioongozwa na Bwana Paul Bomani. Mwaka 1960 huyo Bomani alikuwa Waziri.

Kanuni ya vyama hivyo ilikuwa ile iliyofuatwa na wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844: mwanachama mmoja, kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja sawa. Yafaa tuilinganishe kanuni hiyo na uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1958 na 1959. Apigaye kura ilimpasa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya cheo. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkulima asiyejua kusoma alikataliwa katika chumba cha kura cha Serikali, lakini katika chama chake cha msingi aliweza kumwondoa mwenyekiti. Kwa maoni yangu ushirika ulitutangulia darasani kwa miaka mingi.

Kwetu katika Jimbo la Kati, pasipokuwa na kahawa wala pamba nyingi, ushirika ulienea hasa baada ya Uhuru wa 1961, na mara nyingi ulitoka juu kushuka chini. Tume iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 iliona upungufu wa makarani wenye ujuzi, wizi, siasa kuingilia mambo ya vyama, na demokrasia hafifu katika vyama vikuu, kwa kuwa vilikuwa mbali na mkulima. Kisha ikaja Operesheni Dodoma, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Mei 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu. Kasoro zake zilikuwapo kweli, wala sizitetei. Hata hivyo vyama hivyo vilikuwa mali ya wanachama, na wenyewe hawakuitwa katika mkutano mkuu kusema ndiyo au hapana. Nao hawakupiga kelele nyingi, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwisha kuviona vyama hivyo kuwa mali ya wakubwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Ya 1991 ikatia mkazo hiari ya mwanachama. Na ya 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Jambo lililotajwa na Tume ya 1966 lingali mbele yetu. Mkulima wa Mlali haketi mwenyewe katika mkutano wa Chama Kikuu, humpeleka mjumbe. Mjumbe huyo ndiye sauti yake kuhusu makato ya kila kilo, deni la benki, na ghala litakalojengwa au kuuzwa. Wako wajumbe ambao, wakirudi, huitisha wanachama wakawasomea maazimio yote pamoja na tarakimu, wakajibu maswali mpaka jua kuchwa. Wako na wengine ambao hurudi na posho tu, na wanachama hawawaulizi. Mkutano mkuu wa mwaka huu utasomewa hesabu zilizokaguliwa, na kila mjumbe atapewa nakala yake ya kuchukua nyumbani.