Njia, Mkopo na Soko: Historia ya Mtaa wa Biashara wa Mji wa Pangani

Utangulizi

Mji wa Pangani umejengwa kwenye ukingo wa kaskazini wa mto wenye jina hilohilo, mahali unapoingia katika Bahari ya Hindi, mkabala na Bweni. Mtaa wake wa biashara, ujulikanao kama Mtaa wa India, una nyumba za mawe na chokaa zilizochakaa, nyingi zikiwa na maduka chini na makazi juu. Maelezo yaliyozoeleka huhusisha kudorora kwa mtaa huu na vita vya 1888 hadi 1889. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Hoja yake kuu ni kwamba vita viliwabadili watawala wa soko, lakini kilichoondoa biashara ni kuhama kwa njia ya usafirishaji, na pamoja nayo kuhama kwa mikopo.

Soko lililojengwa juu ya deni

Richard Burton na John Speke walipofika Pangani mwaka 1857, nyumba za mawe zilikuwa kama ishirini tu; zilizobaki zilikuwa za makuti. Hata hivyo, mji ulikuwa tayari mlango wa misafara iliyofuata bonde la mto kuelekea Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Pembe za ndovu na watumwa waliletwa pwani. Merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba vilipelekwa bara.

Bidhaa hizo za kwenda bara zilitolewa kwa mkopo. Wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao wakiwa na uhusiano na nyumba kubwa za biashara za Unguja, waliwakopesha viongozi wa misafara, ambao nao walilipa kwa pembe baada ya safari iliyoweza kuchukua miezi mingi. Wenye mashamba ya miwa kandokando ya mto, ambao wengi wao walikuwa Waarabu waliotegemea kazi ya watumwa, nao walikopa kwa wafanyabiashara haohao. Kwa mantiki hiyo, duka la mtaani halikuwa mahali pa kuuzia nguo tu. Lilikuwa pia mahali pa kuwekeza mtaji na kuweka rehani, na mkopeshaji aliweza kuamua nani aende bara na nani abaki.

Mkopo huo haukuwanufaisha wote kwa kiwango kimoja. Majumbe wa Kishirazi walidai ada na zawadi kutoka kwa misafara. Wapagazi walipata ujira na heshima ya safari. Watumwa walibeba mzigo bila kuwa na sehemu katika hesabu. Jonathan Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot (1995), ameonyesha kwamba mivutano hiyo ya hadhi na deni ndiyo iliyoupa upinzani wa 1888 sura yake.

Vita na mipaka ya athari zake

Kwa mkataba wa Aprili 1888, Sultani wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mamlaka ya kutoza ushuru wa forodha katika pwani. Mwezi Agosti, wakala wake mjini Pangani, Emil von Zelewski, alipolazimisha bendera ya kampuni ipandishwe, mji ulichafuka. Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi mashuhuri wa vita vilivyofuata. Majeshi ya Hermann von Wissmann yaliutwaa mji Julai 1889, na Abushiri akanyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hasara ilikuwa kubwa, lakini vita peke yake havielezi kilichofuata. Bagamoyo nayo ilipigwa vita vilevile, na bado iliendelea kupokea misafara katika miaka ya 1890. Tofauti inapaswa kutafutwa kwingine.

Reli na mkonge

Mwaka 1893 ujenzi wa reli ya Usambara ulianza kutoka Tanga. Tanga ilikuwa na bandari yenye kina na kinga, ilhali mdomo wa Mto Pangani ulizibwa na fungu la mchanga lililozuia meli kubwa. Reli ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo reli ilifuata uelekeo uleule wa msafara wa zamani, ila mwanzo wake ulikuwa mji mwingine. Mkopeshaji aliyetaka kuwa karibu na mzigo hakuwa tena na sababu ya kubaki Pangani.

Mkonge uliuokoa mtaa kwa muda. Miche iliyoletwa na Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ilinusurika. Mashamba yaliyotokana na mwanzo huo yaliwaleta vibarua waliohitaji nguo, unga na mafuta, na duka likaanza kutegemea siku ya mshahara badala ya kurejea kwa msafara. Utegemezi huo mpya nao ulikuwa na udhaifu wake: bei ya mkonge iliposhuka katika miaka ya 1960 kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, duka lilishuka pamoja nayo. Utaifishaji wa mashamba baada ya Azimio la Arusha la 1967, sheria ya kutaifisha majumba ya 1971 na Operesheni Maduka ya 1976 vilizidi kuwabana wafanyabiashara binafsi nchini. Hatua hizo, hata hivyo, ziliukuta mtaa wa Pangani ukiwa umekwisha kupoteza njia yake.

Hitimisho

Historia ya Mtaa wa India inaonyesha kwamba soko la mji mdogo huishi kwa njia inayolipitia na kwa mkopo unaoifuata njia hiyo. Hoja hii ina uzito leo, wakati mradi wa barabara ya pwani kutoka Tanga hadi Bagamoyo unajumuisha daraja la kuvuka mto mahali ambapo watu wamezoea kivuko. Barabara inaweza kurudisha biashara, na inaweza pia kuipitisha bila kusimama, kama reli ilivyoipeleka Tanga. Vilevile, uhifadhi utakaojali kuta na milango pekee utawakumbuka wenye maduka na kuwasahau wapagazi, watumwa na vibarua wa mkonge, ambao kazi yao ndiyo iliyolipa madeni yaliyozijenga kuta hizo.