Kiwanja na Mtaa: Habari za Vitongoji Vipya vya Dar es Salaam

Katika Kiswahili neno kiwanja lina maana mbili zikaazo pamoja bila ugomvi. Kwanza, ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili mtu ajenge nyumba. Pili, ni mahali pa wazi pachezwapo mpira au ngoma. Kile cha kwanza ni cha mtu mmoja na hati yake. Cha pili ni cha watu wote. Historia ya vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Ilala na Magomeni hata Bunju na Tuangoma, yaweza kusomwa kama historia ya maana hizo mbili. Serikali zote zilizoutawala mji huu, ya wakoloni na zetu wenyewe, zilishughulika sana na kiwanja cha kwanza, na aghalabu ziliwaachia wakazi wahangaike na cha pili. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba kitongoji kipya hakikupata kuwa mtaa wa watu mpaka wakazi wake walipopewa neno na kazi katika mambo ya shirika; na kwamba neno hilo liliponyang'anywa, mifereji iliziba.

Yafaa tuanze na miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walikuwa wameugawa mji katika kanda 3 tangu miaka ya 1920: Wazungu walikaa pwani ya kaskazini, Wahindi kati ya bandari na Mnazi Mmoja, na Waafrika Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi, si kwa ajili ya kupunga hewa tu, bali kutenga watu na watu. Mwaka 1948 mji ulikuwa na wakazi karibu 70,000. Hesabu ya mwaka 1957 ikakuta 128,742. Kariakoo na Ilala zikafurika. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza ilitoa ramani kuu ya mji, na katika miaka ya 1950 vitongoji vya Waafrika vikaenea: Magomeni ng'ambo ya bonde la Msimbazi, Kinondoni kaskazini yake, na Temeke upande wa kusini. Mahali pengine serikali ilijenga nyumba za kupangisha, ambazo watu waliziita kota. Mahali pengine ilipima viwanja tu, mwananchi akajijengea.

Aliyejijengea alijenga nyumba ya Kiswahili. Nyumba hii yastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi ambayo ramani ya Gibb haikuifanya. Ina ukumbi katikati, vyumba 3 kuume na 3 kushoto, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha. Hivyo Mzaramo wa Kisarawe, Mngoni wa Songea na Mnyamwezi wa Tabora walijikuta wakichota maji katika pipa moja na kufuliza zamu ya kufagia ua mmoja. J. A. K. Leslie, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1956 na 1957, alieleza maisha hayo kwa urefu katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1963. Alikuwa mtawala, na jicho lake ni la mtawala. Lakini aliona vizuri kwamba mji wa Waafrika haukuwa rundo la wageni wasiojuana.

Siri kubwa ilikuwa baraza. Neno hili nalo lina maana mbili: ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na tena ni mkutano wa kuamua mashauri. Wazee waliotupa lugha hii hawakukosea kuyaita mambo hayo kwa jina moja. Pale penye bao na kahawa ndipo palipopatanishwa wapangaji, ndipo palipochangwa fedha za sanda, ndipo mgeni alipoulizwa atokako. Mwalimu Nyerere, alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, alipata makao Magomeni, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Hapana shaka kwamba mazungumzo mengi ya uhuru yalipita katika baraza za kitongoji kile kabla ya kufika majukwaani.

Uhuru ulipopatikana, serikali ilitaka kumpa mwananchi nyumba bora. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja katika kazi zake za kwanza ilikuwa kuvunja nyumba za udongo na makuti na kusimamisha za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu ilikuwa na kasoro iliyo wazi: ukivunja nyumba moja ukajenga moja, mji hauongezeki nyumba, nao wageni waliendelea kuja. Mwisho wa miaka ya 1960 kazi hiyo ikafifia.

Jambo la maana zaidi kwa habari yetu halikuwa la matofali. Ni ule mpango wa TANU wa nyumba kumi kumi ulioanza katikati ya miaka ya 1960. Kila nyumba 10 zilipata mjumbe wao, wakamwita balozi. Tazama ajabu ya lugha: neno la mtu atumwaye na dola kwa dola likashuka mpaka kwa mzee akaaye nyumba ya nne kutoka kisimani. Wengine wamemlaumu balozi kuwa alikuwa jicho la chama, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini nyumba 10 ni idadi ambayo mtu aweza kuijua kwa majina. Balozi alijua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kamtupia jirani takataka. Na mara nyingi shauri liliisha kwake bila kufika polisi.

Mwaka 1972 serikali ilibadili nia juu ya vitongoji vilivyomea bila kupimwa. Badala ya kuvunjwa, vitengenezwe; na kando yake vipimwe viwanja vipya vyenye barabara na maji, mwananchi ajenge kwa mkopo wa Benki ya Nyumba. Kwa fedha za Benki ya Dunia mpango wa kwanza ulianza mwaka 1974: Manzese ikatengenezwa, na Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa. Mpango wa pili, wa mwaka 1977, uligusa Mtoni na Tandika katika Temeke, pamoja na Mbagala na Tabata. Kwa maoni yangu hii ilikuwa siasa ya makazi yenye hekima kuliko zote tulizopata kuwa nazo, kwani ilikubali kwamba nyumba ya maskini ni mali, si uchafu wa kufagiwa.

Lakini wakati ule ule mkono mmoja ulipokuwa ukijenga, wa pili ulibomoa. Kwa mpango wa madaraka mikoani, ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji zilifutwa, na ile ya Dar es Salaam ikaondoka mwaka 1974, mwaka ule ule mashine zilipoingia Manzese. Mifereji ikachimbwa, asijulikane wa kuizibua. Taa zikasimamishwa, asijulikane wa kubadili globu. Fedha na amri zilitoka katika ofisi ya mkoa, iliyokuwa na mashamba na vijiji vya kuangalia pia. Kipindupindu kililipuka nchini mwaka 1977, na mwaka 1978 serikali ikazirudisha halmashauri za miji. Sisemi kwamba kukosekana kwa halmashauri peke yake kulileta maradhi. Nasema tu kwamba kitongoji kipya kilizaliwa siku aliyofukuzwa mkunga.

Sinza ilipata bahati yake. Viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato kidogo viliishia mikononi mwa wenye mishahara mizuri, na hilo ni doa. Hata hivyo nyumba zake zilikaribiana, barabara zake zilikuwa fupi zenye kukatana, na duka halikuwa mbali na mlango wa mtu. Leo Sinza ni mahali pasipolala.

Tabata ilifundishwa ujirani na jaa la taka. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka za mji mzima karibu na nyumba za watu, moshi ukipanda mchana na usiku. Wakazi hawakurusha mawe. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakapata amri ya kulizuia jiji. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akitaja haki ya kuishi iliyoandikwa katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashtaki. Tunda la kesi hizo halikuwa hukumu tu: watu waliokuwa wakisalimiana kwa mbali walipata sababu ya kukutana, kuchanga na kuchagua wa kuwasemea.

Mfano ulio kamili zaidi ni Hanna Nassif, katika Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Kitongoji hiki hakikupimwa na mtu; nyumba zilifuatana kama zilivyoweza, na kila masika maji yalipita vyumbani. Mapema katika miaka ya 1990 wakazi walichagua chama chao cha maendeleo, na mwaka 1994 kazi ikaanza kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na Ford Foundation, na baadaye kwa uongozi wa kitaalamu wa Chuo cha Ardhi. Haikuwa ngeni kwa wafadhili kutoa fedha. Iliyokuwa ngeni ni kwamba wakazi wenyewe walifanywa makandarasi. Walitia saini mkataba, wakashika majembe na makoleo, wakalipwa ujira, na wanawake wengi walikuwa katika safu hiyo. Wakachimba mifereji ya mvua na kuijengea mawe, wakamwaga changarawe njiani, wakaweka magati ya maji. Ili kazi isife, walitoza ushuru kwa magari yaingiayo na kuweka kando fedha za maji.

Afikiriye kwamba haya ni mambo madogo na aufikirie mfereji. Mfereji haupiti hewani. Hupita ubavuni mwa nyumba ya mtu, hugusa choo cha mwingine, hukata njia ya wa tatu. Mhandisi aweza kuuchora kwa asubuhi moja, lakini kumshawishi bibi mwenye nyumba akubali kusogeza ukuta wake kwahitaji jirani ambaye alimzika mumewe. Pia mtu aliyeuchimba mfereji kwa mkono wake hawezi kuutazama ukijazwa maganda ya nazi akanyamaza. Hata hivyo, tusiisifu Hanna Nassif kupita kiasi. Mahali palipokauka palipanda thamani, na kodi za vyumba zikafuata. Mpangaji, aliyechimba sawa na mwenye nyumba, hakuwa na hati wala kinga. Mipango yetu ya mitaa hata leo humhesabu mwenye kiwanja na kumsahau mwenye chumba, ingawa katika nyumba ya vyumba 6 wenye vyumba ndio wengi.

Kisha, mwaka 2002, Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji: Bunju, Mbweni na Mivumoni katika Kinondoni, Tuangoma, Kibada na Mwanagati kusini na magharibi, Buyuni katika Ilala. Viwanja vilivyopimwa vilizidi lengo hilo. Ilikuwa kazi kubwa, ya haraka, iliyofanywa kwa uhodari wa vipimo. Lakini wakulima waliokuwa na mikorosho na minazi mahali pale walilipwa fidia na wengi wakaondoka. Na waliokuja walitoka pande zote za jiji, kila mmoja na hati yake, bila kuonana hata mara moja kabla ya kupewa jiwe la mpaka. Wengine walinunua ili kungoja bei ipande. Maji na lami vilichelewa miaka mingi. Nyumba zilizosimama ni nzuri kuliko zile za Magomeni ya kale, lakini zimezungushiwa kuta zenye vigae vya chupa juu, na hazina baraza. Katika ramani ziliachwa nafasi za shule, soko na uwanja wa michezo. Kuzilinda nafasi hizo kumebaki kwa serikali ya mtaa: mwenyekiti achaguliwaye kila baada ya miaka 5, wajumbe wasio na mshahara, na mkutano wa wakazi ambao mara nyingi huhudhuriwa na wazee na akina mama wachache. Wenye magari hurudi usiku. Siku kibanda cha kwanza kisimamapo katika uwanja wa watoto, hao wachache ndio walio pale kukiona.

Jiji lenyewe limekwisha gawanywa na kupangwa upya mara nyingi. Halmashauri yake ilivunjwa mwaka 1996 na kuwekwa tume, mwaka 2000 zikazaliwa manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, kisha Ubungo na Kigamboni zikamegwa, na mwaka 2021 Ilala ikafanywa jiji. Kila mara mkazi hujifunza upya ofisi ya kupeleka malalamiko yake. Mtaa wake ndio usiohama.

Na Magomeni, iliyotangulia yote haya? Kota za zamani zilivunjwa, wakazi wake wakangoja kwa miaka wakipanga kwingine, na mwezi Machi 2022 yakafunguliwa maghorofa ya familia 644 mahali pale pale. Wengi wa waliorudi ni majirani wa tangu utotoni. Sasa wana ngazi ya kufagia pamoja, lifti ya kutengeneza pamoja, na pampu isukumayo maji mpaka ghorofa ya juu. Ua umekuwa wa wima, wala hapajawa bado na mtu aliyeamua baraza itakaa katika ngazi ya ngapi.