Redio ya Ridhaa: Historia Yake na Hatua za Anayeanza

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya mawimbi yanayofanywa na mtu binafsi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenzake, pasipo malipo na pasipo kuutangazia umma. Historia yake husimuliwa zaidi kupitia Ulaya na Marekani, lakini vifaa vyake vya mwanzo vimekuwa vyepesi kiasi kwamba mkazi wa Kwedizinga, katika ukanda wa Handeni na Korogwe, anaweza kuanza kwa redio ndogo na waya wa shaba.

Katika ukanda huo habari za mbali zilitangulia kusafiri kwa waya, kwa kuwa reli kutoka Tanga, iliyoandamana na waya wa telegrafu, ilifika Korogwe mwaka 1902. Mawasiliano yasiyotumia waya yalifuata baadaye, Wajerumani walipojenga vituo vya redio Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam, navyo vilikuwa mali ya dola. Thamani yake kivita ilionekana tarehe 8 Agosti 1914, pale manowari ya Uingereza HMS Astraea ilipoishambulia Dar es Salaam ikikilenga kituo cha redio, takriban miaka miwili kabla majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts hayajapita Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916.

Wakati huo huo watu wa ridhaa walikuwa wamesukumwa pembeni, kwani sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwaachia mawimbi yenye urefu usiozidi mita 200, ambayo wataalamu wengi waliyaona hayafai kwa safari ndefu. Dhana hiyo ilivunjika Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Ufaransa alipowasiliana na Fred Schnell wa Marekani ng'ambo ya Atlantiki kwa mawimbi ya takriban mita 100. Ilidhihirika kwamba mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na ionosfera, yaani tabaka la juu la anga lililochajiwa na mionzi ya jua. Mwaka 1925 shirikisho la kimataifa la redio ya ridhaa liliundwa Paris, na mkutano wa Washington wa mwaka 1927 ukaipa shughuli hiyo masafa yake. Kila nchi ilipewa alama za utambulisho: Tanganyika ilitumia VQ3 na Zanzibar VQ1, na baada ya uhuru alama za Tanzania zikawa zinaanza na 5H.

Wenyeji wengi waliyazoea masafa mafupi kwa kusikiliza, hasa baada ya BBC kuanza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957 na Deutsche Welle kufuata mwaka 1963. Hata leo anayeanza hutakiwa kuanzia hapo hapo kwenye kusikiliza. Hata hivyo redio ya kawaida haitoshi, kwa sababu watu wa ridhaa hupunguza upana wa mawimbi yao kwa kuondoa sehemu ambayo redio hiyo huitegemea, na matokeo yake maneno husikika kama mlio wa bata. Kwa hiyo inafaa kununua redio yenye uwezo wa SSB, jina la mfumo huo.

Kifaa cha pili ni antena, ambayo mara nyingi huwa na manufaa zaidi kuliko kubadilisha redio. Kwa masafa ya megahezi 7.1 hutosha waya wa takriban mita 20, uliokatwa katikati kuwa vipande viwili vya mita 10, kebo ikiunganishwa pale katikati na ncha zikifungwa kwenye vihami, kisha zikavutwa juu ya miti kwa kamba ya katani. Mchana masafa hayo hufaa kwa mamia ya kilomita, na usiku huenda mbali zaidi.

Kurusha mawimbi ni jambo jingine, kwa maana kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena kila nchi kudai ujuzi wa alama za Morse, na mitambo mingi midogo hutumia umeme wa volti 12 unaoweza kutolewa na betri ya sola. Kwa hiyo anayetaka kuanza asikilize kwanza, afunge waya wake vizuri, na asibonyeze kitufe cha kurushia kabla hajapata leseni.