Kabla ya kuilaumu klachi, rekebisha kiti chako

MTITO Andei ni karibu nusu ya safari ya kilomita 480 hivi baina ya Nairobi na Mombasa, na hapo ndipo madereva wengi husimama kunywa chai na kujinyoosha. Si ajabu kumwona dereva wa lori au matatu akishuka kwa mguu wa kulia, kisha akauburuta wa kushoto nyuma yake huku akisugua goti. Mguu huo ndio ambao umekuwa ukikanyaga klachi tangu alfajiri.

Katika kaunti za Makueni na Kitui, mguu wa kushoto hauna raha. Kwenye barabara kuu, dereva hukwama nyuma ya malori, akapunguza mwendo kwenye matuta ya Salama, Sultan Hamud, Emali na Kibwezi, na kila mara hulazimika kubadilisha gia. Anayepanda milima ya Kilungu au Mbooni hupambana na kona na miinuko. Upande wa Kitui, ingawa barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi mjini Kitui ina lami, njia nyingi za kuingia vijijini bado ni za udongo, na hukatiza mito ya msimu iliyojaa mchanga.

Madereva wengi huchukulia maumivu ya goti, nyonga na kiuno kuwa sehemu ya kazi. Wengine hukimbilia kwa fundi na kumwambia klachi ni nzito, naye huteremsha gia boksi na kudai malipo yake. Huenda klachi ni nzito kweli. Lakini ni busara kuanza na kiti, kwa kuwa kukirekebisha hakugharimu hata senti moja.

Kukaa ipasavyo

Magari mengi ya binafsi humu nchini huagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na wapo wenye magari ambao hawajawahi kukigusa kiti tangu siku waliyokabidhiwa ufunguo. Huketi jinsi alivyoketi mwenye gari wa kwanza, mtu ambaye huenda alikuwa mrefu au mfupi kuwaliko. Wenzo wa kusogeza kiti uko chini yake, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Egesha gari mahali tambarare, uzime injini na uvute breki ya mkono. Sukuma makalio nyuma kabisa hadi yaguse kiegemeo. Sasa kanyaga klachi mpaka mwisho kwa mguu wa kushoto, kisha utazame goti lako. Linapaswa kubaki limejikunja kidogo. Likinyooka kabisa, kiti kiko mbali mno: utakuwa ukiifikia klachi kwa ncha za vidole, nyonga ikitelezea mbele na mgongo ukiachana na kiegemeo, hivi kwamba kazi ya mguu inafanywa na kiuno. Na iwapo goti linagusa usukani au dashibodi, umesogea karibu kupita kiasi.

Klachi ndiyo inayotumiwa kama kipimo, wala si breki, kwa sababu kanyagio lake hulazimika kwenda hadi mwisho kila mara. Anayelifikisha nusu ya njia husikia gia zikisaga. Tumia sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole. Vidole peke yake havina nguvu, na misuli ya nyuma ya mguu huchoka upesi.

Kiti chenye wenzo wa kupandisha na kushusha kinapaswa kuinuliwa hadi nyonga ilingane na magoti au iwe juu yake kidogo, bila kichwa kukaribia dari. Ukishakiinua, rudia kipimo cha klachi, kwani miguu sasa iko mbali zaidi na makanyagio. Dereva mfupi ambaye kiti chake hakipandi anaweza kutumia mto, lakini uwe mgumu na uliofungwa usiteleze. Mto laini wa sebuleni humdidimiza na kumyumbisha kila kona.

Kiegemeo cha mgongo kilale nyuma kidogo tu. Mabega yakiwa yameegemea, nyoosha mikono juu ya usukani: vifundo vya mikono vifike kileleni mwake bila bega kuachana na kiti. Hivyo, unaposhika usukani kwa kawaida, viwiko vitakuwa vimejikunja. Kifua kisikaribie usukani kwa chini ya sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa ulio humo hufumuka kwa kishindo ajali inapotokea. Kiegemeo cha kichwa kilingane na utosi, si shingo.

Vijana wetu wana mtindo wa kukilaza kiti kama kitanda cha ufuoni, mkono mmoja ukining'inia juu ya usukani. Tangu Februari 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, Wakenya wameuzoea mkanda wa usalama. Lakini mkanda haumsaidii ipasavyo aliyelala. Gari likigonga, mwili huponyoka chini ya mkanda, nao ukaminya tumbo badala ya mifupa ya nyonga. Vioo vya kutazamia nyuma hurekebishwa mwisho, baada ya hayo yote.

Kuna tatizo moja ambalo wenzo wa kiti hauwezi kulitatua. Katika njia za mashambani, gari dogo la abiria aina ya Probox, ambalo Toyota ililizindua mwaka wa 2002, wakati mwingine huonekana limebeba watu wawili kwenye kiti cha dereva. Nyonga za dereva hupindwa, akakanyaga makanyagio kwa upande, na kama gari ni la gia za mkono hawezi kuifikisha klachi mwisho. Nyingi za Probox ni za otomatiki, ila breki nayo huhitaji mguu ulionyooka mbele yake. Dereva wa namna hiyo hana ushauri wa kupewa kuhusu starehe. Abiria huyo wa ziada ashuke.

Sakafuni

Vumbi jekundu na matope ya Ukambani huwafanya wenye magari kutandika mkeka juu ya mkeka. Unene huo hupunguza safari ya kanyagio. Klachi isipofika mwisho haiachii kikamilifu, gia ya kurudi nyuma ikawa ngumu kuingia, na lawama zikaangukia gia boksi. Ondoa mikeka yote, ubakishe mmoja uliofungwa kwa ndoano zake. Hatari yake si ya klachi tu. Mwaka wa 2009, kampuni ya Toyota ililazimika kuyaita mamilioni ya magari yake nchini Marekani kwa sababu mikeka ingeweza kulinasa kanyagio la mafuta.

Viatu navyo vina makosa yao. Malapa huteleza na kujikunja chini ya kanyagio, na akala zenye soli nene humnyima dereva hisia ya mahali klachi inapoanza kushika. Mwenye viatu vya visigino virefu anaweza kubeba viatu bapa vya kuendeshea, mradi vile vingine asivitupe miguuni pake. Chupa ya maji inayobingirika hapo ni hatari vilevile.

Magari mengi yana sehemu ya kupumzishia mguu, kushoto kwa klachi. Itumie. Wengi huuacha mguu juu ya kanyagio muda wote, ati wawe tayari. Uzito huo mdogo unatosha kuifanya beringi ya klachi izunguke bila sababu na sahani iteleze kidogo, ikapata joto na kulika, nao mguu ukabaki umekakamaa kwa kilomita nyingi. Baya zaidi ni kulishikilia gari mlimani kwa nusu ya klachi, paja likitetemeka, hadi ile harufu ya kuungua ikajaa ndani. Breki ya mkono iliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Inapokuwa klachi kweli

Umerekebisha kiti, umeondoa mikeka, na bado kanyagio ni zito. Sasa fundi anahitajika, ila ni vyema umwendee ukijua la kumuuliza. Unapokanyaga klachi unashindana na springi ya chuma inayoibana sahani kwenye gurudumu zito la injini. Nguvu ya mguu huifikia springi hiyo kwa njia ya waya au kwa njia ya mafuta.

Waya hupita ndani ya ala. Vumbi na kutu vikiingia, au nyuzi zake zikianza kukatika, kanyagio huwa zito na lenye kukwaruza, na siku moja waya hukatika ukiwa mbali na mji. Kuubadilisha ni nafuu sana kuliko kuteremsha gia boksi. Usikubali upakwe mafuta ovyo, kwa maana baadhi ya ala zina utando wa plastiki ndani usiohitaji mafuta.

Klachi ya mafuta hutumia mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa. Miaka miwili ni muda wa kutosha kuyamwaga na kutia mapya. Kanyagio likizama taratibu, au likihitaji kukanyagwa mara kadhaa kabla ya kushika, pana hewa au silinda inavuja. Gusa zulia chini ya kanyagio na shina lake: umajimaji hapo ni ushahidi. Fundi atazame pia bawaba ya kanyagio, chini ya dashibodi, maana mara nyingine mzigo wote ni bawaba iliyokauka ambayo inahitaji grisi kidogo tu.

Uzito ulioongezeka polepole kwa miezi mingi una maana nyingine. Sahani ikilika, pembe ya springi hubadilika, klachi ikawa nzito na kuanza kushika karibu na mwisho wa kuachiliwa. Ijaribu kwenye mwinuko ukiwa katika gia kubwa: ukiongeza mafuta na injini ikavuma bila mwendo kuongezeka, sahani imekwisha. Badilisha sahani, kifuniko chake chenye springi na beringi kwa pamoja, kwani sehemu kubwa ya gharama ni kazi ya kufungua. Vipuri vilivyong'olewa kwenye gari kuukuu ni akiba ya uongo.

Wenye pikapu za kubeba maembe kutoka Makueni, au mchanga, hushawishiwa kununua klachi yenye springi kali zaidi. Itaumudu mzigo, lakini mguu utaulipia. Kabla ya kuichukua, mwenye gari amuulize dereva wake.

Goti lisilopona baada ya marekebisho hayo, au mguu mmoja uliovimba na kuuma nyuma baada ya safari ndefu, ni jambo la daktari, kwani damu huweza kuganda mshipani kwa kukaa sana. Shuka utembee kila baada ya saa mbili hivi. Hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya barabara kuu, limewapokea wasafiri wa kila dini kwa miongo mingi, na chakula hapo hakiuzwi.

Anayekusudia kununua gari la gia za mkono asitosheke na picha wala kuisikiliza injini pekee. Akae kitini, akisogeze hadi kimfae, kisha akanyage klachi mara ishirini mfululizo kabla ya kuuliza bei.