Panya wa Rochester: jinsi akili ilivyohusishwa na kinga ya mwili

Hadi katikati ya karne ya 20, wataalamu wengi wa tiba waliamini kwamba kinga ya mwili hujiendesha yenyewe, bila kupokea amri kutoka ubongoni. Mnamo 1964 George Solomon na Rudolf Moos walitoa makala iliyohusisha hisia, kinga na maradhi, lakini ushahidi wa majaribio ulikuwa bado haba.

Ushahidi huo ulitokea pasipotazamiwa. Mwanasaikolojia Robert Ader, wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, alikuwa akichunguza namna panya wanavyojifunza kuchukia ladha. Aliwanywesha maji ya sakarini, kisha akawadunga mara moja dawa ya saiklofosfamidi, ambayo husababisha kichefuchefu na pia hudhoofisha kinga. Baadaye aliwapa sakarini peke yake. Baadhi yao walikufa, na waliokuwa wamekunywa sakarini nyingi zaidi ndio waliokufa zaidi. Ader akajiuliza: je, miili yao ilikuwa imejifunza kuishusha kinga kwa ladha tu?

Alishirikiana na Nicholas Cohen, mtaalamu wa kinga, na mwaka 1975 wakachapisha jibu. Panya waliozoezwa, walipoonjeshwa tena sakarini, walitengeneza kingamwili chache kuliko wenzao. Katika miaka ya 1980 David Felten na wenzake walionyesha njia yenyewe: nyuzi za neva huingia ndani ya wengu na tezi za limfu, zikakaribiana na chembe za kinga. Kazi za Hugo Besedovsky nazo zilibainisha njia ya kurudi, kwani chembe za kinga hutoa kemikali zinazouarifu ubongo kuhusu maambukizo.

Kwa binadamu, utafiti wa Sheldon Cohen uliochapishwa mwaka 1991 ulihusu watu 394 waliotiwa virusi vya mafua puani. Kadiri msongo wa maisha ulivyozidi, ndivyo walivyoelekea zaidi kuugua.

Hata hivyo, matokeo haya hayampi yeyote ruhusa ya kumlaumu mgonjwa kwa huzuni yake, wala hayachukui nafasi ya chanjo na dawa. Yanaeleza uhusiano, wala si uwezo wa nia kuponya kila kitu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo moja linastahili kuzingatiwa. Lugha hii huita neva "mishipa ya fahamu". Jina hilo huunganisha kiungo cha mwili na kazi ya akili, vitu viwili ambavyo maabara ilichelewa kuviweka pamoja.