Muratina Imegoma Kuchachuka? Cheki Hivi Kabla Uimwage

Buda, umeweka asali, maji na tunda la muratina, ukafunika. Siku ya tatu unafungua: kimya. Hakuna povu, hakuna ile sauti ya shiii. Tulia kwanza.

Onja. Kama utamu umeisha na inakuchoma kidogo, hiyo haijakwama, imeiva. Kama bado ni tamu ka juisi, hapo ndio kuna noma.

Ukiwa Doldol, anza kushuku baridi. Mchana jua linakukaanga, usiku unatafuta blanketi mbili. Hamira inapenda joto la nyuzi 20 hadi 30 hivi; ikishuka sana inalala tu. Wazee wakiweka kibuyu kando ya moto si ushamba. Funga mtungi na blanketi, uweke karibu na jiko, si juu yake. Joto likizidi sana hamira inakufa, na maiti haiamshwi.

Ama ulizidisha asali. Huku ni kwa wenyewe: Wayaaku wa msitu wa Mukogodo waliishi kwa mizinga na uwindaji kabla waanze kufuga, so mkono wa asali si mwepesi. Lakini karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na sukari ikiwa nyingi hivyo hamira inanyonywa maji. Ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, koroga sana hewa iingie, uipe siku moja.

Bado imelala? Basi ni tunda. Watu hudhani tunda ndio linatengeneza pombe, kumbe kazi yake ni kubeba hamira kwa zile nyuzi zake. Likiwa jipya, ama likikaa sana, halina kitu. Omba jirani tunda lililotoka kwa mtungi unaochemka saa hii. Ikinuka siki, hiyo imeenda, tengenezea kachumbari.

Sasa sikiza hapa. Usiongeze "kitu" cha kuipa nguvu. Februari 2024, pale Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Methanoli huwezi kuijua kwa kuonja, na inaweza kukupofusha macho. Muratina iliyolala ni maji ya asali tu, hasara yako ni ganji ya asali.

Ikiamka, usikaze kifuniko. Gesi ikikosa njia, mtungi unapasuka usiku na nyumba yote inajua unapika nini.