Wasia wa Zubayr: Historia ya Waliolihesabu Deni Wakaanza Kulilipa

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Hapa Nanyamba, kama ilivyo kote huku kusini, kabla jeneza halijanyanyuliwa husimama mtu wa karibu na marehemu akatangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi, na yule ambaye marehemu anamdai naye ajitokeze. Watu huinamisha vichwa, tangazo likaisha, jeneza likaondoka. Mwaka mmoja nilisimamia mimi tangazo hilo kwa ajili ya jirani yangu. Hakuna aliyenyanyua mkono. Siku ya tatu, baada ya dua, wakaja watu watatu. Mmoja alikuwa na daftari la duka, wa pili alikuwa na karatasi ya korosho, na wa tatu hakuwa na kitu ila kauli yake. Warithi wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyejua lolote, kwa sababu marehemu mwenyewe katika uhai wake hakupata kulitamka deni hilo nyumbani kwake.

Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa na aibu isiyomhusu marehemu. Mimi niliyetangaza nilikuwa nadaiwa na mwenye duka, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikienda msikitini kwa njia ya nyuma ili nisipite mlangoni kwake. Nikajiuliza: tangazo hili tunalolifanya juu ya maiti, kwa nini mtu asilifanye juu ya nafsi yake angali hai? Suali hilo ndilo lililonirudisha katika vitabu vya historia, na makala hii ni matunda yake.

DENI KATIKA ZAMA ZA MTUME (S.A.W.)

Kwanza ieleweke kwamba kukopa si dhambi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikopa, na alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri ya chakula cha watu wake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu deni: namna ya kuliandika, muda wake na mashahidi wake. Sheria haikushughulika kiasi hicho na jambo ili ilikataze. Ilishughulika nalo ili lisifichwe.

Hatari ya deni iko katika yale yanayolifuata. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya Swala. Alipoulizwa kwa nini anajikinga nalo sana, akaeleza kuwa mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Tazama, ndugu msomaji, hakutaja umasikini. Alitaja ulimi. Njia yangu ya nyuma ya kwenda msikitini ilikuwa uongo wa miguu.

Mwanzoni mwa Uislamu Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletewa jeneza akiuliza kama marehemu anadaiwa. Akiambiwa anadaiwa na hakuacha cha kulipia, huwaachia Sahaba wamsalie, yeye asimsalie, mpaka siku ile Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni la maiti, ndipo akamsalia. Baadaye, Allah alipowafungulia Waislamu mali, Mtume akatangaza kuwa atakayekufa na deni asiache cha kulilipia, malipo ni juu yake yeye. Kwa hiyo asili ya tangazo letu la jenezani ni hiyo. Lakini kwetu limebaki kuwa ada ya kupita, ilhali kwao lilikuwa mlango wa kulipa.

Mfano wa pili ni wa Jabir bin Abdillah (r.a.). Baba yake aliuawa shahidi Uhud mwaka wa 3 Hijria, akamwachia kijana huyu dada zake wa kuwalea na deni la wasaki thelathini za tende kwa Myahudi mmoja. Jabir akaomba muda, mdai akakataa. Akamwendea Mtume (s.a.w.), naye akazungumza na mdai, bado akakataa. Ndipo Mtume akaingia shambani, akatembea baina ya mitende, kisha akamwamuru Jabir achume na amlipe mtu haki yake. Jabir akachuma, akalipa thelathini zote kamili, na zikabaki wasaki kumi na saba. Hiyo ni baraka na muujiza. Lakini kabla ya muujiza huo Jabir alikuwa ameshafanya sehemu yake: alikijua kiasi, alimkabili mdai, na alitafuta mtu wa kumsemea. Mwenye kujificha haombewi muda na mtu yeyote.

KISA CHA ZUBAYR BIN AWWAM

Kisa kilicho kikubwa kuliko vyote katika mlango huu ni cha Zubayr bin Awwam (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Bukhari amekipokea kwa urefu.

Siku ya vita vya Ngamia, mwaka wa 36 Hijria (656 Miladia), Zubayr alimwita mwanawe Abdullah, akamwambia kuwa anadhani siku hiyo atauawa hali ya kudhulumiwa, na kwamba jambo linalomkera kuliko yote ni deni lake. Akamwusia auze mali na alipe. Akamwambia pia kuwa akishindwa, basi amwombe msaada Mola wake Zubayr. Abdullah hakufahamu, akauliza: Ewe baba, ni nani mola wako? Akajibiwa: Ni Allah.

Deni hilo lilitoka wapi? Zubayr hakuwa mbadhirifu. Watu walikuwa wakimletea mali awawekee amana. Yeye akikataa kuipokea kama amana, akisema ni bora iwe mkopo, kwa kuchelea isije ikapotea. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua tofauti: amana ikipotea bila uzembe haina fidia, lakini mkopo hulipwa kwa vyovyote. Zubayr aliubeba mzigo ili mali za watu zisalimike.

Baada ya kuuawa kwake Abdullah alikaa akahesabu. Akakuta deni ni 2,200,000. Hakim bin Hizam akakutana naye akamuuliza deni la ndugu yake ni kiasi gani. Abdullah akaficha, akasema laki moja. Hakim akasema hadhani kuwa mali yao inatosha kulipa hilo. Abdullah akamwambia: Waonaje kama ni milioni mbili na laki mbili? Hakim akasema hawaliwezi, na wakishindwa sehemu yoyote wamwendee yeye awasaidie. Hapa pana fundisho kwa kila mwenye deni. Kutaja kiasi kidogo kwa aibu kulimletea Abdullah masikitiko tu. Alipotaja kiasi cha kweli, mlango wa msaada ulifunguka.

Zubayr hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, ikiwemo al-Ghaba, na nyumba Madina, Basra, Kufa na Misri. Al-Ghaba aliinunua kwa 170,000. Abdullah akaithaminisha kwa 1,600,000, kila fungu laki moja, kisha akatangaza kuwa mwenye haki juu ya Zubayr akutane naye huko. Akaja Abdullah bin Ja'far, aliyekuwa akidai 400,000, akasema: Mkitaka nitawasamehe. Abdullah akakataa. Akasema: Basi niwekeni wa mwisho. Akakataa tena, akamkatia sehemu yake ya ardhi.

Deni likaisha. Watoto wa Zubayr wakadai wagawiwe mirathi. Abdullah akaapa kuwa hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija miaka minne: mwenye kumdai Zubayr aje tumlipe. Kila mwaka akasimama akatangaza. Miaka minne ilipopita ndipo akagawa. Kila mmoja wa wake wanne wa Zubayr akapata 1,200,000.

Wanazuoni walizitazama hesabu hizi kwa makini. Mapokezi yanataja jumla ya mali kuwa 50,200,000. Lakini ukianza na fungu la wake, yaani thumni ambayo ni 4,800,000, mirathi inakuwa 38,400,000. Ukiongeza thuluthi ya wasia, 19,200,000, na deni 2,200,000, unapata 59,800,000. Zimezidi 9,600,000. Ibn Hajar katika Fathul-Bari amenakili jibu la ad-Dimyati kuwa ziada hiyo ni mapato yaliyoongezeka katika ile miaka minne ya kusubiri. Warithi waliodhani wanacheleweshwa kwa ajili ya madeni ya watu, kumbe fungu lao lilikuwa linakua.

PWANI YETU: BEI YA KHIYARI

Tusidhani kuwa yetu ni mapya. Pwani ya Afrika Mashariki imekwenda kwa mkopo tangu enzi za misafara, bidhaa zikitolewa kwa ahadi ya kulipwa msafara ukirudi. Katika karne ya 19 binadamu pia aliwekwa rehani kwa deni, jambo ambalo sheria ya Kiislamu hailikubali, maana muungwana si mali.

Unguja na Pemba deni lilikaa juu ya mikarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na bei za karafuu nazo zikawa za kupanda na kushuka. Wenye mashamba wakakopa kwa mategemeo ya mavuno yajayo. Kwa kuwa riba ni haramu, ikatumika bei ya khiyari: mdeni "anauza" shamba kwa sharti la kulikomboa ndani ya muda fulani, kisha analikodi yeye mwenyewe na kumlipa "mnunuzi" kodi. Hadhramaut wana mfano wake, bei ya 'uhda. Wanazuoni walikhitalifiana juu ya sura zake. Lakini ikiwa makusudio ya wote wawili tangu mwanzo ni mkopo, na kodi ndiyo faida yake, jina halibadilishi kitu.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria za kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamie kwa wadai. Zilileta mgogoro mkubwa, hata wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia karafuu mwaka 1937. Tunalojifunza ni kuwa sheria yaweza kumzuia mdai mlangoni, lakini haiwezi kumhesabia mdeni deni lake.

KOROSHO NA KANGOMBA

Mikarafuu yetu sisi ni mikorosho. Korosho huku Mtwara huvunwa kuanzia Oktoba, na miezi kabla ya hapo ndiyo ya dhiki. Ndipo anapokuja mtu wa kangomba: anatoa fedha leo, achukue korosho msimu ukifika kwa bei ya kutupa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008, ulikusudia pamoja na mengine kumwokoa mkulima na jambo hilo, na kangomba ikapigwa marufuku. Haikwisha. Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuhakiki wenye mashamba, ilidhihirika tena kuwa baadhi ya korosho hazikuwa mikononi mwa waliozilima.

Wapo wanaoitetea kangomba kwa kuiita salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakitoa fedha kwa matunda ya miaka miwili na mitatu, akaamuru iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Basi aliyelipa thamani yote siku ya mkataba, kwa kilo maalumu na tarehe maalumu, bila kufunga mkataba kwenye mikorosho ya shamba moja, hiyo ina sura ya salam. Lakini iliyo mitaani kwetu mara nyingi ni mkopo: akikosa msimu huu, kilo zinaongezwa msimu ujao. Hiyo ni ile riba ya zama za ujahili: lipa au ongeza. Na mikopo ya vikundi na simu inayoitwa "kausha damu" ni ndugu yake.

KUANZA KULIPA

Kutokana na visa hivi, mwenye deni aanze hivi:

Kwanza, aandike madeni yote, la mtu na la duka, kiasi chake na muda wake, na mkewe au mwanawe mkubwa ajue daftari liko wapi. Umar (r.a.) alipochomwa kisu mwaka wa 23 Hijria, alimwamuru mwanawe ahesabu deni lake. Likawa kama 86,000, naye akaeleza litakavyolipwa.

Pili, awaendee wadai kabla hawajamjia, aseme kiasi cha kweli. Mwenye uwezo akichelewesha ni dhalimu. Asiye nacho ana haki ya kupewa muda kwa aya ya 280 ya Suratul-Baqara, lakini mdai atajuaje dhiki ya mtu anayemkimbia?

Tatu, atenganishe mtaji na riba. Mtaji ni haki ya mdai. Nyongeza ya riba hakuihalalisha Allah.

Nne, alipe kidogo kidogo kwa mfululizo, na aanze na deni ambalo muda wake umefika.

Tano, asitangulize sherehe. Msimu wa korosho ni msimu wa jando, unyago na harusi. Fuqahaa wetu wa Kishafii wamesema haifai kutoa sadaka ya sunna kwa mali inayohitajiwa kulipia deni lisilotarajiwa malipo kwingine. Ikiwa sadaka ni hivyo, ngoma je? Vilevile warithi wasichinje ng'ombe wa arobaini kwa mali ya marehemu ambaye daftari lake halijafungwa. Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, zimetanguliza deni na wasia kabla ya mirathi.

Nasi maimamu tusisahau kuwa wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki Zaka, katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Msikiti unaokusanya Zaka ya korosho wasioitaja safu hiyo umeacha haki ya watu.

Ama mimi, wiki ile nilipita njia ya mbele. Nikasimama dukani, nikataja deni lote, nikatoa nilichokuwa nacho, kisichofika robo. Mwenye duka akafungua daftari, akaandika, akasema: "Shehe, nilidhani umehama msikiti." Ilinichukua misimu miwili kumaliza.

Tunamwomba Allah, Mola wa Zubayr, atulipie madeni yetu na atuwezeshe kuyalipa kabla ya siku ambayo wengine watatutangazia.

Wabillahi tawfiq.